Omeka S kwa wanafunzi wanaosimulia historia ya makumbusho: inafaa, mkianza na lebo

Wanafunzi wakipewa kazi ya kuandaa maonyesho kuhusu historia ya makumbusho yenyewe, kitu cha kwanza wanachokimbilia ni picha za jengo: jengo la zamani, jengo jipya, gavana akikata utepe. Picha hizo zina nafasi yake, lakini hazisemi makumbusho yalikuwa yakifikiri nini. Fikra za makumbusho ziko kwenye lebo zilizotundikwa kando ya vitu, kwenye rejista ya upokezi, kwenye kadi za katalogi na kwenye vichwa vya barua. Programu nzuri kwa kazi hii ni ile inayomlazimisha mwanafunzi kuvishika vitu hivyo vidogo kimoja kimoja kabla hajaandika aya hata moja ya simulizi.

Kwa kipimo hicho tunaipendekeza Omeka S, programu ya kutunza rekodi za vitu na kujenga maonyesho yake mtandaoni, na tunaipendekeza kwa moyo wote, ingawa ina mitego ambayo imekwisha kuua maonyesho mengi ya darasani. Makadirio yetu hapa ni ya kundi la wanafunzi 8 hadi 12, muhula mmoja, na vitu kama 40.

Omeka ilitoka mwaka 2008 katika kituo cha Roy Rosenzweig Center for History and New Media, Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Ni programu huria, huilipii. Waundaji wanasema jina lake wamelitoa kwenye Kiswahili: kutandaza bidhaa, kufungua mzigo, kusema wazi. Ni neno ambalo wengi wetu hatulitumii, lakini picha yake ni ya sokoni kabisa, mchuuzi akifungua furushi lake ili kila kitu kionekane. Leo ziko mbili. Omeka Classic ndiyo ya kwanza na ni nyepesi kujifunza. Omeka S, iliyotoka mwaka 2017, ina kazi zaidi mwanzoni. Walimu wengi huchagua Classic kwa sababu ya wepesi huo. Kwa maonyesho ya kawaida hawakosei. Kwa historia ya makumbusho wanakosea, na sababu ni moja: katika Classic, kisanduku cha uhusiano kati ya kitu na kitu hupokea maandishi tu. Katika Omeka S, kitu kimoja kinafungwa kwa kingine kwa kiungo cha kweli, na ukurasa wa kile cha pili unaonyesha wenyewe vitu vyote vinavyokielekea.

Hapo ndipo lebo zinapopata heshima yake. Chukueni fuvu ambalo Mary Leakey aliligundua Oldupai tarehe 17 Julai 1959, ambalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Louis Leakey alilipa jina la Zinjanthropus boisei, na "Zinj" humo ni jina la kale la Kiarabu la pwani yetu hii. Baadaye wanasayansi wakaliita Australopithecus boisei, na sasa wengi huandika Paranthropus boisei. Fuvu ni lilelile, ila majina ni matatu, na kila jina lina mwaka wake na mabishano yake. Mwanafunzi anayejaza rekodi moja tu ya fuvu ataandika jina la leo na kuyafuta mengine. Njia iliyo bora ni kulipa fuvu rekodi moja, na kila lebo ya zamani mnayoipata, hata kama ni picha yake tu, rekodi yake peke yake, kisha kufunga lebo zote kwa fuvu. Mgeni akifungua ukurasa wa fuvu atakuta chini orodha ya lebo zote zilizowahi kulieleza. Hiyo orodha ndiyo historia ya makumbusho.

Ili hili lifanyike bila vurugu, tengenezeni violezo viwili vya rekodi kabla ya mwanafunzi yeyote kuruhusiwa kuingiza kitu. Omeka S inakuja na msamiati wa Dublin Core, orodha ya kimataifa ya visanduku vya kuelezea vitu, ulio kamili, si ule wa visanduku 15 tu, na majina ya visanduku yako kwa Kiingereza. Lakini kwenye kiolezo kila kisanduku kinaweza kupewa jina jingine na maelezo mengine. Tumieni nafasi hiyo. Mwanafunzi akikuta kisanduku kimeandikwa "Maneno ya lebo, neno kwa neno", hatajaza muhtasari wake mwenyewe. Akikuta "Description", atajaza chochote.

Kiolezo cha lebo kiwe na visanduku saba. Title kibaki kichwa. Description kiwe maneno ya lebo kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia. Date Created kiitwe "Ilitundikwa lini", na Creator "Aliyeiandika". Language ibaki ya lugha ya lebo. Source kiwe "Tulikoitoa", na humo iandikwe namba ya faili, boksi na ukurasa, si "nyaraka za makumbusho" kwa jumla. Cha saba ni References, kiitwe "Kitu kinachoelezwa", na hiki kifungieni aina yake kuwa rasilimali ya Omeka, ili isiwezekane kuandika maneno mahali ambapo kiungo kinatakiwa. Kosa la kawaida ni kukiacha kisanduku hicho wazi kwa maandishi. Nusu ya darasa watachapa jina la kitu badala ya kukichagua, na viungo havitakuwepo.

Kiolezo cha kitu kinafanana na hicho, ila kinahitaji Alternative Title kwa majina ya zamani, Identifier kwa namba ya usajili, Date Accepted kwa tarehe kilipopokelewa, Spatial Coverage kwa kilikotoka, na Provenance kwa njia kilichopita hadi kufika kabatini. Kwenye Provenance wekeni sharti la mambo manne: nani aliachia kitu, nani alikipokea, lini, na kwa malipo au mazingira gani. Rejista ikiwa haisemi, aandike wazi "rejista iko tupu". Kisanduku kilichoachwa bila neno kinaweza kumaanisha kwamba mwanafunzi hakutazama, na msomaji hana njia ya kutofautisha uvivu na ukimya wa mkoloni.

Ukimya huo una uzito kwetu. Mradi wa kimataifa wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, uliofanya maonyesho yake Nairobi mwaka 2021, ulikusanya rekodi za zaidi ya vitu 32,000 vilivyomo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Historia ya makumbusho yoyote ya Afrika Mashariki ina kurasa zake nje ya jengo. Omeka S inaruhusu rekodi isiyo na picha, na hili ni jambo jema: kitu kilichoondoka kipewe rekodi kama kilichobaki. Tatizo ni la macho tu. Rekodi isiyo na picha haina cha kuonyesha, na katika ukurasa wenye picha nane inaonekana kama hitilafu. Tengenezeni picha rahisi ya rangi moja yenye maneno "Hakiko hapa" na jina la mji kilipo, pikseli 1200 kwa 900, muiweke kama picha ya rekodi hiyo. Dakika kumi za kazi, na pengo linasomeka kama pengo.

Jambo la pili ambalo Omeka S inalifanya vizuri ni majina ya makumbusho yenyewe. Makumbusho ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, yakafunguliwa mwaka 1930 kilimani yalipo sasa kwa jina la Coryndon Museum, kumkumbuka gavana Robert Coryndon, na baada ya uhuru, mwaka 1964, yakawa National Museum. Yale ya Dar es Salaam yalifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la mfalme wa Uingereza, George wa Tano. Wanafunzi wengi huandika "Makumbusho ya Taifa" kwenye kila barua, hata barua ya 1935, na hapo wamefuta historia wanayotakiwa kuionyesha. Fungueni rekodi moja kwa kila jina, muipe aina ya taasisi, kisha muzifunge kwa visanduku vya Replaces na Is Replaced By, ambavyo tayari vimo. Kila waraka ufungwe kwa jina lililokuwapo siku ulipoandikwa. Manufaa ya ziada: kichwa cha barua kikisema Coryndon na hakuna tarehe, mnajua mara moja kwamba karatasi hiyo ilichapishwa kati ya 1930 na 1964.

Makumbusho ya Uganda ni kisa kingine, tena kitamu zaidi. Yalianza mwaka 1908 kwenye ngome ya Lugard, kilima cha Old Kampala, yakapita Makerere, na mwaka 1954 yakahamia Kitante katika jengo lililosanifiwa na Ernst May. Lakini watu wa Buganda walikuwa na jina lao: Enyumba ya Mayembe, nyumba ya pembe za uganga, kwa sababu ya vitu vya ibada vilivyokusanywa humo. Jina hilo halikutoka serikalini, ila ndilo linaloeleza wenyeji waliyaonaje makumbusho. Omeka S inaruhusu kila thamani ipewe alama ya lugha: bonyezeni kidude cha tufe kando ya kisanduku, andikeni "lg" kwa Kiganda, "sw" kwa Kiswahili, "en" kwa Kiingereza. Jina rasmi na jina la mtaani yatakaa pamoja kwenye rekodi moja, kila moja na lugha yake.

Sasa mitego.

Kwanza usakinishaji. Pakueni kifurushi cha zip cha toleo kamili kutoka tovuti ya Omeka, si msimbo ghafi kutoka GitHub, kwa sababu msimbo ghafi hauna maktaba ambazo programu inazitegemea na utaishia kwenye ukurasa mweupe. Mnahitaji seva ya Apache yenye mod_rewrite, PHP, na hifadhidata ya MySQL au MariaDB. Jazeni faili la database.ini ndani ya folda ya config, hakikisheni folda ya files inaandikika, kisha fungueni kivinjari. Ukurasa wa mbele ukifunguka lakini kila kiungo kikaleta kosa la 404, angalieni faili la .htaccess. Jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo kompyuta nyingi hulificha, na anayenakili mafaili kwa kuyachagua kwa macho huliacha nyuma.

Picha ndogo zisipotokea, seva haina ImageMagick, programu ya kuchakata picha, au Omeka haioni ilipo. Suluhisho liko kwenye faili la local.config.php ndani ya folda ya config: elekezeni njia sahihi, au badilisheni kitengenezaji cha picha ndogo kiwe GD. Fanyeni hivyo siku ya kwanza, na picha moja ya majaribio, kwa sababu picha zilizopakiwa kabla ya marekebisho hazijirekebishi zenyewe.

Faili likikataa kupanda, tazameni PHP kabla ya kumlaumu mwanafunzi. Kwa kawaida PHP huanza na kikomo cha megabaiti 2 kwa faili na 8 kwa fomu nzima. Pandisheni upload_max_filesize hadi 16 na post_max_size hadi 32, inatosha. Hapa pia kuna suala la skana. Karatasi ya A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508, na ikihifadhiwa TIFF bila kubanwa inafika kama megabaiti 26. Kwa dpi 600 inapita 100. TIFF hiyo ni ya kuhifadhi kwenye diski ya makumbusho. Kwenye Omeka pandisheni JPEG yenye upande mrefu wa pikseli 2000. Omeka hutengeneza yenyewe nakala ya pikseli 800 na ndogo za 200, lakini mgeni akibonyeza picha huletewa ile ya asili, na mgeni huyo huenda anatumia bando la simu. TIFF, zaidi ya kumla bando, vivinjari vingi haviifungui kabisa.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye lahajedwali. Moduli (kiongezo cha programu) ya CSV Import, inayosoma lahajedwali lililohifadhiwa kama CSV, ndiyo inayofanya vitu 40 viingie kwa mara moja, na ina kitufe cha kutengua uingizaji ulioharibika, sifa ambayo tunaithamini sana. Lakini Excel huharibu namba za usajili kimyakimya. Namba 1930.10 inageuka 1930.1, sifuri imeondoka, na sasa vitu viwili vina namba moja. Namba 10/4 inakuwa tarehe. Kabla ya kuchapa chochote, chagueni safu nzima na kuipa aina ya maandishi, kisha hifadhini CSV ya UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi. Mkisahau UTF-8, alama za kunukuu zilizopinda zitatoka kama takataka katikati ya maneno ya lebo, na hakuna mtu atakayejua tena lebo ilisemaje. Thamani zaidi ya moja kwenye seli zitengeni kwa alama isiyotokea kwenye maandishi. Mstari wa wima, |, ni salama kuliko mkato.

Uingizaji ukibaki umeandikwa "Starting" kwa nusu saa, haujachelewa, umekwama. Kazi za nyuma ya pazia zinahitaji PHP ya mstari wa amri, na kwenye seva nyingi za kukodi njia yake si ile Omeka inayoidhania. Muulizeni mwenye seva njia hiyo, muiandike kwenye phpcli_path ndani ya local.config.php.

Kuhusu tarehe, ongezeni moduli ya Numeric Data Types. Bila hiyo tarehe ni maandishi tu, na "kama 1930" itapangwa pamoja na herufi K. Ikiwepo mnaweza kuandika mwaka peke yake, mwaka na mwezi, au tarehe kamili, na kwa makadirio mkatumia kipindi cha kuanzia hadi kuishia.

Halafu kuna udhaifu ambao hauna dawa ndani ya programu: Omeka S haitunzi historia ya marekebisho. Mwanafunzi akifuta aya ya mwenzake na kuhifadhi, imekwenda. Kitu kikifutwa hakuna kapu la kukirudisha. Inauma zaidi kwa sababu maonyesho yenyewe yanahusu lebo zilizofutwa. Wapeni wanafunzi cheo cha Author, kinachowaruhusu kurekebisha na kufuta vya kwao tu, na wawili wanaohariri wapeni Reviewer. Kila Ijumaa mtu mmoja atoe nakala ya hifadhidata kwa amri ya mysqldump pamoja na folda ya files. Moja bila nyingine haisaidii.

Na jicho la faragha lisiwadanganye. Kila rekodi, na hata kila thamani moja, ina alama ya jicho ya kuificha kwa umma. Maandishi hufichika kweli. Lakini faili la picha linabaki kwenye folda iliyo wazi, na mwenye anwani yake kamili ataliona. Kwa picha za vigango vya Wamijikenda (nguzo za kuwakumbuka wafu), mabaki ya watu, au kitu chochote ambacho wazee hawajakubali kionyeshwe, jibu ni kutopandisha picha kabisa mpaka ruhusa ipatikane. Andikeni rekodi, elezeni kwa nini haina picha.

Kurasa za maonyesho zinajengwa kwa vipande: kipande cha maandishi, cha kitu, cha safu ya vitu, cha ramani ukiwa na moduli ya Mapping. Hapa Omeka S ni ya wastani. Mandhari zake za kawaida ni safi lakini zinafanana, na kupanga picha mbili sambamba kwa urefu tofauti kunachosha. WordPress inapendeza zaidi kwa urahisi, lakini haina rekodi chini yake, ina makala tu. CollectiveAccess, programu nyingine huria ya katalogi, ina rekodi nzito kuliko hii, na muhula utaisha mkiwa bado mnaisanidi. Kurasa tano, vitu vinane kila ukurasa, aya ya utangulizi isiyozidi maneno 150: zaidi ya hapo mgeni wa simu anaondoka.

Kama makumbusho yanataka skrini ndani ya ukumbi, msitegemee intaneti. Omeka S inakimbia vizuri kwenye kompyuta ndogo moja yenye XAMPP (kifurushi chenye Apache, PHP na hifadhidata pamoja), na tableti za ukumbini zikaunganishwa nayo kwa ruta isiyo na mtandao wa nje. Umeme ukikatika na kurudi, Apache na MySQL ziwekwe zijiwashe zenyewe, maana mlinzi wa zamu hana nenosiri.

Makubaliano ya mwisho yaandikwe kabla ya wanafunzi kuhitimu: jina la tovuti lisajiliwe kwa makumbusho, si kwa mwanafunzi wala mwalimu, na cheo cha msimamizi mkuu kiwe kwa mtumishi wa makumbusho anayejua kukitumia. Mkabidhini diski moja yenye TIFF zote, nakala ya hifadhidata, folda ya files, lahajedwali la CSV lililotumika, na nakala ya kurasa kwa HTML iliyovutwa kwa wget, programu ya kupakua tovuti, inayofunguka hata bila seva. Diski hiyo ipewe namba ya usajili na iingizwe kwenye rejista ya upokezi siku hiyohiyo, pamoja na jina la kundi lililoiandaa.